Mwaka wa Kusemewa

Agosti iliyopita tulikutana Wundanyi, ukoo mzima, kumshukuru Mungu kwa ajili ya Baba Mkubwa Mwadime, ambaye ametimiza miaka themanini na bado anapanda mlima wa kwenda kanisani bila fimbo. Baada ya maombi na kabla ya keki alishika maikrofoni mwenyewe, maana hakuna aliyethubutu kumnyima, akaanza kusimulia jinsi alivyonipeleka Marekani. Kwa maelezo yake, alikuja mzungu mmoja kutoka chuo kikuu, wakakaa chini wakazungumza kiume, mzungu akaridhika, na wiki iliyofuata nikapanda ndege. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya hema na sahani ya pilau, nikacheka mpaka binti yangu akaniuliza kama nimekwamwa na mfupa. Hakukuwa na mzungu. Ndege niliipanda miezi sita baadaye. Na kuhusu kuzungumza, ni kweli Baba Mkubwa alizungumza, tena alizungumza sana, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Sikumsahihisha. Mtu akifika miaka themanini ana haki ya kusimulia anavyotaka. Lakini tangu siku hiyo mwaka ule umekuwa ukinijia nikipika na nikiendesha gari, na nimeona afadhali niuandike ulivyokuwa kabla maelezo ya Baba Mkubwa hayajawa ndiyo historia ya ukoo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikikaa Voi, mtaa wa Mwakingali, kwa Shangazi Mkawasi, dada yake baba. Shangazi alikuwa fundi wa yunifomu za shule. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu, na kimoja kilikuwa cha cherehani. Hicho ndicho nilichopewa. Nililala kwenye godoro chini ya kamba zilizotundikwa sweta, sketi na mashati ya shule zote kutoka Mwatate hadi Maungu, na kila asubuhi kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa pindo za sketi za watoto wa watu. Hata leo nikikutana na mwanafunzi barabarani naweza kukuambia anasoma wapi kabla sijamwona uso. Mchana nilikata nyuzi, nikashona vifungo, nikakunja nguo zilizokwisha, huku Shangazi akikanyaga cherehani na kuimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pili, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwimbia ya kwanza. Jumamosi tulikula kimanga, muhogo na maharagwe vilivyopondwa pamoja, na alikiponda mwenyewe kwa sababu alisema mikono yangu ya shule inaponda kama inayoomba msamaha. Nilikuwa na furaha katika nyumba ile. Nalisema hili wazi kwa sababu watu wakisikia habari za mtu kuhangaikia chuo hutarajia machozi, na machozi yetu yalikuwa machache, mengi yakiwa ya vitunguu.

Nilikuwa nimepata alama nzuri kidato cha nne, na nilikuwa na nafasi ya kusomea ualimu wa biashara, kitu ambacho sikukitaka hata kidogo. Nilitaka kusomea mawe. Baba alikuwa mlinzi kwenye ranchi moja huko Kishushe, na likizo zangu zote nilizimalizia kule, mahali ambapo gari likipita watu wanatoka nje kulitazama. Kishushe kuna mawe meusi mazito ambayo ukiyasogezea sumaku yanaivuta. Nilikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, na nilizunguka nayo mfukoni kama wenzangu walivyozunguka na picha za wavulana. Watu walidhani natafuta madini ya kuuza, na kila mtu Taita ana mjomba aliyewahi kuyatafuta. Sikutaka kuyauza. Nilitaka kujua yalifikaje pale. Wateja wa Shangazi walikuja kuchukua nguo, wakaniona nimepiga magoti nakunja pindo, na nikiingia ndani nikawasikia kupitia pazia. "Huyu si ndiye alipita vizuri? Sasa anangoja nini hapa?" Shangazi alijibu bila kusimamisha mashine, "Anangoja Marekani." Kisha mteja akauliza sketi itakuwa tayari lini.

Habari ya Marekani niliipata katika duka la kompyuta la Kyalo, Mkamba mmoja mcheshi aliyekuja Voi kuuza vipuri akaishia kuuza intaneti. Duka hilo sote tuliliita saiba. Humo ndimo nilimosoma kwamba kuna vyuo vikuu kule ambavyo vikimchagua mtoto wa nje vinamgharamia kila kitu, na kwamba huchagua wachache mno. Niliomba vitano. Kyalo ndiye aliyenisomea masharti yote kwa subira ambayo hakuwa nayo kwa mteja mwingine yeyote, akagundua kwamba kati ya hivyo vitano ni kimoja tu ambacho kingenilipia mpaka nauli. "Hivi vingine ni kama kuitwa harusini bila kadi," aliniambia. "Shikilia hiki." Kwa hiyo vilikuwa vitano kwenye karatasi, lakini moyoni kilikuwa kimoja. Kikikataa, Mei ningeripoti kwenye ualimu wa biashara, na yale mawe yangebaki kuwa ya kukanyagwa.

Kazi iliyonitoa jasho ilikuwa insha. Walitaka niandike mimi ni nani. Niliandika kurasa mbili nikampelekea Kyalo, naye akasoma, akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akasoma tena. "Wakesho, hii iko na Kizungu kizuri," akasema. "Lakini angalia. Tulichota maji. Tulifukuza ndovu kwa shamba. Tulisoma na taa ya mafuta. Sasa wewe ulikuwa wapi wakati hao 'sisi' walikuwa wanafanya hizo zote?" Nikamwambia nilikuwa mmoja wao. "Basi wacha hao wengine waombe chuo chao," akasema. "Andika mimi." Nilijaribu. Niliandika "mimi" nikaifuta, nikaiandika tena, na kila mara niliona uso ukipata moto kana kwamba nimesimama sokoni nikijitangaza. Nilikuwa nimelelewa kujua kwamba mazuri yako husemwa na watu wako. Wewe unainamisha kichwa unasikiliza. Ukiyasema mwenyewe, maana yake huna watu. Nilimaliza ile insha kwa shida, "mimi" sita katika kurasa zote mbili, na siku ya kuituma niliona haya kumtazama hata Kyalo.

Barua pepe iliingia mwanzoni mwa Februari, katikati ya msimu wa kidato cha kwanza, wakati wazazi walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwetu na Shangazi anakula ugali amesimama. Kyalo alipiga simu. "Kuja mbio, kuna mtu wa Mombasa anakutafuta." Nilisoma nikarudi nyumbani nikikimbia, nikamkuta Shangazi mdomo umejaa pini.

"Anaitwa Bwana Athman," nikamweleza. "Ni mhandisi, alisoma zamani kwa hicho chuo chenye nauli. Anataka tuongee saa moja hivi, halafu awaandikie maoni yake. Anasema tukutane kwa hoteli yoyote hapa Voi, ama popote nitakapopenda."

Shangazi alitoa pini moja moja mdomoni, akazichomeka kwenye kitambaa. "Hotelini," akasema.

"Ni chai tu, Shangazi."

"Mwanaume hatumjui, anataka kupeleka mtoto wetu ng'ambo, na anataka kumuonea hotelini. Umewahi kuona mtoto wa watu akichukuliwa hotelini? Mwambie akuje nyumbani. Akuje vile watu hukuja."

Nilimwandikia mgeni aje nyumbani, naye akajibu kwa adabu kwamba itakuwa heshima kwake. Kosa halikuwa hapo. Kosa langu ni kwamba sikumwambia Shangazi kwamba mtu huyo alitaka kuongea na mimi peke yangu, na kwamba nisipoongea mimi hakuna atakachoandika. Niliona aibu kulitamka. Lingesikika kama nasema, nyinyi kaeni pembeni, leo ni siku yangu. Nilijiambia mambo yatajipanga yenyewe siku ikifika. Na kweli yalijipanga, kwa sababu Shangazi alishika simu akampigia Baba Mkubwa Mwadime.

Baba Mkubwa alikuwa amestaafu ukarani wa mahakama Wundanyi, na tangu astaafu hakuwa amepata kesi ya maana. Alishuka siku moja kabla, tai imekunjwa ndani ya mfuko wa karatasi na faili la kijani kwapani. Baba alitumiwa ujumbe kupitia kwa dereva wa lori lililokuwa likienda Kishushe, lakini lori liliharibika njiani na ujumbe ukafika mgeni akiwa ameshaondoka. Kwa hiyo Baba Mkubwa akawa msemaji, na kando yake wakapangwa wazee wawili wa kanisa na jirani yetu Mzee Bakari, ambaye Shangazi alikuwa amemwita asubuhi kuchinja kuku ili mgeni ale bila wasiwasi, kisha akaona si vizuri kumwacha aende. Vitambaa vya makochi vilifuliwa. Cherehani ilifunikwa shuka jeupe. Mimi nilipewa unga kilo tatu na kuambiwa nikande chapati.

Mgeni aliwasili saa saba kasorobo, mtu mwembamba wa makamo, kofia nyeupe kichwani, shati lililopigwa pasi mpaka likasimama, daftari dogo mkononi. Alikuwa ametarajia msichana na kikombe cha chai. Alikuta wazee wanne wamejipanga ukutani. Nilimchungulia kupitia ufa wa mlango wa jikoni, na lazima nimpe haki yake, hakushtuka. Alivua viatu, akawasalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili, akakaa alipoonyeshwa. Ukuta wetu wa jikoni haukufika juu kwenye mabati, kwa hiyo nilisikia kila neno nikiwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Bwana mgeni, karibu sana," Baba Mkubwa alianza. "Kabla hatujaingia kwa agenda, tungependa kukujua. Wewe ni wa wapi, na watu wako ni akina nani?"

"Ahsanteni wazee wangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale. Marehemu baba yangu alikuwa seremala."

"Na hicho chuo, kiko kwa mji ama kwa msitu?"

"Ni mji mdogo, mzee. Wenye baridi."

"Nani anachunga watoto huko?"

"Kuna walezi."

"Wangapi?"

Mgeni hakujua walikuwa wangapi, na nikasikia kalamu ya Baba Mkubwa ikiandika. Wakamuuliza kama kuna kanisa. Wakamuuliza mtoto akiugua nani anampeleka hospitali, na kama watu wa kule wanakula ugali, na wasipokula wanakula nini, na kama hicho wanachokula kinashibisha. Mzee Bakari aliuliza kwa upole kama yeye mwenyewe, alipokwenda, alirudi baada ya muda gani.

"Miaka sita," akasema mgeni.

"Na mama yako?"

"Alinichinjia mbuzi," akasema. "Kisha akaninunia wiki nzima."

Wote wakacheka, na Shangazi, aliyekuwa kando yangu akikoroga kuku, akapangusa macho kwa ncha ya leso. Nami nilikuwa na karatasi yangu ya majibu imebandikwa ukutani juu ya jiko, majibu kumi niliyoyakariri wiki nzima, na mvuke wa kuku ulikuwa unaikunja polepole. Hatimaye nilisikia mgeni akisema, "Niwieni radhi, wazee wangu. Ningependa pia kumsikia binti mwenyewe." Nikaanza kunawa unga.

"Atakuja, wakati wake utafika," Baba Mkubwa akamhakikishia. "Kwanza tukwambie sisi. Huyu mtoto hana makuu. Hajui kujibizana. Huyu ukimweka mahali, ukienda ukirudi, unamkuta hapo hapo."

Nilifunga macho. Kyalo alikuwa amenisomea kwamba vyuo vile vinatafuta vijana wenye sauti, wenye kuanzisha mambo, na sasa mzee wangu alikuwa ananisifu kama kiti. Hakunyamaza hapo. Alieleza kwamba sijawahi kuonekana nimesimama njiani na mtu, kwamba nikitumwa narudi, kwamba nina mkono mzuri wa chapati. Kila sifa ilikuwa ya kweli, ilisemwa kwa mapenzi, na ilikuwa inanizika. Nilipopeleka chakula mgeni aliinua macho akaniuliza, "Wewe ndiwe Wakesho?" Nikafungua mdomo. "Ndiye," akajibu Baba Mkubwa.

Niliitwa baada ya sahani kuondolewa. Kwetu, kikao cha namna hiyo kinajulikana: wageni wakija kuposa msichana, wazee huongea, na mwishoni msichana huitwa aulizwe swali moja, kisha anarudi ndani. Sikuamini kwamba Baba Mkubwa angeliuliza swali hilo, lakini alisimama, akafunga kifungo cha koti, akaliuliza.

"Wakesho, unamjua huyu mgeni?"

Maskini mimi, nilisema ukweli. "Simjui."

Mzee mmoja wa kanisa alikohoa, maana jibu hilo ndilo huvunja posa. Mgeni aliinamisha kichwa, na nikaona mabega yake yakitikisika.

"Namjua kwa barua pepe," nikaongeza haraka.

"Anamjua," Baba Mkubwa akatangaza, akaandika kwenye faili, na mimi nikarudishwa jikoni.

Hapo ndipo nilipolia, na safari hii hapakuwa na kitunguu. Shangazi aliingia na rundo la sahani akaniuliza ninalia nini na mambo yameenda vizuri hivyo, mgeni amekula chapati tano. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mtu huyu alikuja kunisikia mimi. Kwamba ni yeye atakayeandika. Kwamba saa tatu zimepita na neno nililomwambia ni simjui.

"Wewe peke yako?" akauliza.

"Mimi peke yangu."

"Na hukuniambia."

"Niliona aibu."

Shangazi yangu alikuwa mwepesi wa kunisema hata kwa kifungo kilichopinda, na nilijiandaa. Lakini aliweka sahani chini, akapangusa mikono, akanivua leso iliyojaa unga, akaingia sebuleni. "Wazee, mgeni ana safari," nikamsikia. "Wakesho atamsindikiza mpaka stendi."

"Tutamsindikiza sote," akasema Baba Mkubwa, na kiti kikalia.

"Kaa, Mwadime. Kuna chai nyingine inakuja."

"Si vizuri mgeni aende na mtoto tu."

"Nimesema kaa." Shangazi alikuwa mdogo wake kwa miaka minne, na sijui kama aliwahi kumwambia hivyo kabla ya siku ile au baada yake. Kiti kikalia tena, na Baba Mkubwa akakaa.

Kutoka Mwakingali hadi stendi si mbali, lakini mgeni hasindikizwi haraka, ataona anafukuzwa. Tulitembea pole pole kwenye lile vumbi jekundu, jua likiwa bado kali, na majibu yangu kumi yote yalikuwa yamebaki ukutani. Bwana Athman alingoja mpaka tukapita nyumba ya mwisho ya watu wanaotujua. Ndipo akafungua daftari.

"Haya mwanangu. Nina maswali niliyopewa niulize, lakini wazee wako wameniuliza yote. Nambie kitu kimoja tu. Saa zote hizo kule jikoni, ulikuwa wafikiri nini?"

"Chapati," nikasema.

Akacheka. "Chapati?"

Kando ya njia palikuwa na lundo la mawe ya mtu aliyekuwa akijenga. Niliokota moja lililopasuka vizuri nikampa. Lilikuwa na mistari, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, iliyopinda pamoja. Nikamwambia ukikanda unga ukaupaka mafuta, ukaukunja, ukausukuma tena, ukikata chapati unaona tabaka zake. Jiwe hili ni hivyo hivyo. Lilikuwa chini sana, kwenye moto, likakandwa na kukunjwa likiwa laini, na mistari hii ndiyo mikunjo. Nimekuwa nikiitazama tangu nikiwa mdogo, nikamwambia, na nimesoma vitabu vyote viwili vilivyoko Voi vinavyozungumzia mawe, lakini hakuna kilichonieleza nani alisukuma, kutoka upande gani, na kwa nini ya Kishushe yanavuta sumaku na haya hayavuti. Nikatoa sumaku mfukoni nikamwonyesha. Nikachota mchanga njiani nikamwonyesha vipande vinavyometa kama glasi. Nilikuwa nasema mimi, mimi, mimi, nilijaribu, nilikosea, nilirudia, nilidhani, wala sikuhesabu. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyeachiliwa.

Tulifika stendi nikiwa bado naongea. Basi la Mombasa likaja, likapakia, kondakta akaita. Bwana Athman akalitazama likiondoka, akaketi kwenye benchi la mwuza soda, akanifanyia nafasi.

"Na usipochaguliwa?"

"Nitasomea ualimu wa biashara," nikasema. "Na jioni nitakuwa naokota mawe. Lakini nitakuwa naokota tu, sitajua."

Akaandika. Kisha akaniuliza kwa nini sikutoka jikoni nikawaambia wazee waniache niongee, ilhali nilijua siku ile ilikuwa na maana gani. Nikamwambia wale ni wazazi wangu, na walikuwa wanafurahia kunisifu. Hawakuwahi kupata nafasi kama ile ya kunisema vizuri mbele ya mtu. Ningewanyima vipi? Hilo aliliandika polepole, akapiga mstari chini yake. Mpaka sasa sijui aliwaandikia nini wale wa chuo. Alipanda basi la pili, akaingia na lile jiwe mkononi.

Jibu lilikuja mwisho wa Machi. Shangazi alifunika cherehani mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua, tukaenda saiba pamoja. Ukurasa ulipoanza kufunguka stima zikapotea, na Kyalo alitukana kwa Kikamba, kisha akamwomba Shangazi radhi kwa Kiswahili. Tulikaa gizani dakika arobaini, Shangazi amenishika mkono kwa nguvu mpaka pete yake ikaniachia alama. Stima ziliporudi Kyalo ndiye aliyesoma kwanza. Alitoka nje akapiga mluzi ambao ulisimamisha watu sokoni. Shangazi akauliza, "Wamesema ndiyo ama wamesema la?" Nikamwambia wamesema ndiyo, pamoja na nauli, naye akaweka kichwa kwenye kibodi cha mtu akalia na kucheka pamoja, na kompyuta ikalia nayo.

Jumapili iliyofuata watu wote walikuja, na safari hii baba alikuwepo, ametoka Kishushe juu ya lori, vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa jikoni tena, kwa mazoea tu, nikikata nyanya. Baba Mkubwa alikuwa ameshaanza hotuba, na ndani yake tayari yeye na mgeni walikuwa wameelewana kama ndugu. Baba alimsikiliza mpaka akavuta pumzi. Kisha akaita jina langu. Niliingia nikasimama mlangoni kama inavyopasa, kisu bado mkononi.

"Nasikia mgeni alikuja, ukawekwa jikoni," baba akasema.

"Ndiyo, baba."

Akasogea kwenye kochi. "Kuja ukae hapa." Nikaenda nikakaa kati yake na Baba Mkubwa, mahali ambapo sikuwahi kukaa maishani, na kochi likaonekana kuwa refu kuliko lilivyokuwa. "Watu wote wamesema," akasema baba. "Baba yako mkubwa amesema, Mkawasi amesema, hata wazungu wamesema. Mimi sijakusikia wewe."

Niliwatazama. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimewaandikia watu nisiowajua, kurasa na kurasa, na katika chumba kile sikuwa nimemwambia hata mmoja wao. Walikuwa wamenisaidia kwenda bila mimi kuwaambia kwamba nataka kuwaacha.

"Nataka kwenda," nikasema.

Baba alitikisa kichwa kukubali, mara moja, kisha mara nyingine. "Haya," akasema. "Nenda." Na hakuna aliyepiga makofi, hata Baba Mkubwa.

Ndipo Shangazi akaingia na jagi la maji ya moto na beseni, taulo begani. Aliwapita wazee wa kanisa, akampita baba, akaja akapiga magoti mbele yangu. Nikataka kuinuka nimpokee, maana hiyo ilikuwa kazi yangu, nimeifanya nyumbani mwake mwaka mzima. Akanisukuma nyuma kwa kiwiko. "Kaa," akaniambia taratibu. "Mgeni hanawi amesimama." Nikampa baba kisu, nikanyoosha mikono.